Msimu wa Kumlaza Dufie

Jumatatu, 29 Septemba

Mvua tangu alfajiri, kakao haianikiki. Mimi Asiama, niliyeacha shule darasa la sita baada ya mwalimu kuishiwa na mambo ya kunifundisha, leo nimeanza kuandika. Aliyenitia katika kazi hii ni Dufie. Jana nilikuwa nawasimulia wavunaji jinsi nilivyompeleka Kumasi mara ya kwanza, nikambeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, mamba wawili wakitusindikiza kama walinzi. Yeye kalala chumba cha nyuma, akasikia, akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba," akaniita, "mwaka juzi mamba alikuwa mmoja. Ziandike hizo habari zako zikae mahali pamoja, zinazaana."

Haya, naandika. Dufie ni mtoto wa dada yangu Sewaa, aliyekwisha kufa. Mtoto wa dada yangu ni wangu, baba yake ni mgeni tu aliyempa jina. Kansa ilimshika titi la kushoto akiwa bado msichana, wakalikata, wakasema amebakiza miaka miwili. Yeye akala kumi na minne. Hapo sijatia chumvi, muulizeni yeyote. Na miaka yote hiyo hakuwahi kujaza kitu ndani ya blauzi. Upande mmoja kilima, upande mmoja uwanja. Mtu akimkazia macho, anamwuliza, "Umepoteza kitu hapo? Mimi pia nilikipotezea hapohapo."

Kazi yake ilikuwa kuwatetea wajane. Mume akifa, ndugu zake wakija kumfungia mke mlango, Dufie alifika na wanawake wake, wale wanaokutana Jumatano, wakaketi kizingitini mpaka mlango ufunguliwe. Wanaume wa mji huu wanamwogopa kuliko wanavyoiogopa serikali. Mimi simwogopi. Mimi ndiye niliyemfundisha kugomba.

Sasa kansa imerudi, imeingia mifupa na ini. Hospitali ya Kumasi wamesema arudi nyumbani.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumepasua kakao. Nilipasua peke yangu rundo la urefu wa mtu, panga moja kila ganda, bila kugusa punje. Wavunaji walisimama wakashangaa. Tumezivundika chini ya majani ya migomba.

Jioni tulitwanga fufu ya mihogo na ndizi. Mimi na mchi, mke wangu Gyamfua anageuza kinuni. Nikaona anageuza kwa mkono wa kushoto.

"Wewe! Tangu lini tunalishwa kwa mkono wa kushoto humu ndani? Umenitukana au umeitukana fufu?"

"Wa kulia umechoka," akasema. "Twanga, mzee, acha hotuba."

Nikatwanga. Lakini Dufie, aliyekuwa ameegemea mlango wa chumba chake, alimtazama Gyamfua kwa muda mrefu.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo naandika mengi.

Wanawake wa Jumatano walikuja, mbele yao Tiwaa, mwuza kenkey, yale madonge ya mahindi, mwenye sauti ya kuamsha kanisa. Walileta supu, wakamsuka Dufie nywele zilizobaki, wakasema mambo ya waume zao ambayo mimi niliyasikia yote kwa kuwa nilikuwa natengeneza kiti barazani. Walipoondoka Dufie akasema, "Mjomba, funga mlango. Gyamfua, kaa hapa."

Gyamfua akakaa. Dufie akamwambia, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mama, mimi nimetazama vifua vya wanawake kuliko daktari. Kwapa la kulia limekufa. Nionyeshe."

Akaonyesha. Mimi ni mumewe, tumezaa watano, lakini ilikuwa miezi sijamwona mchana. Kulikuwa na kitu kama kokwa la mchikichi chini ya ngozi, na ngozi imebonyea juu yake kama ganda la chungwa. Nikataka kusema neno la kuchekesha, halikuja.

"Kesho asubuhi mnaenda Kumasi," Dufie akasema. "Hili bado linakatika."

"Siendi."

"Gyamfua!"

"Siendi kukatwa. Unajua walivyomzika mama yangu mdogo." Sote tulijua. Alikatwa titi, akafa mwaka uleule, na watu wa kwao wakasema mtu aliyepungua mwili halazwi kitandani akapambwa, watu wakapita kumwaga. Wakamfunga shuka, wakamzika asubuhi hiyohiyo, hakuna kitanda, hakuna nguo nyekundu za msiba, hakuna hata mtu wa kumlilia kwa jina. Kama mbuzi aliyegongwa na gari. "Na kabla hajafa," akaendelea, "sokoni walikuwa wanahama benchi alilokalia. Wewe, Dufie, una jina. Umesema redioni. Mimi ni mke wa Asiama."

"Mke wa Asiama si jina dogo," nikasema. Hakuna aliyenisikiliza.

Dufie akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mimi ninakufa msimu huu. Usinikatize. Ukoo wangu utanilaza kitandani, mji mzima utapita. Nikilazwa hivi nilivyo, upande huu mtupu chini ya lesi, na watu wakapita wakaniinamia, utaamini kwamba mwanamke anaweza kuwa hivi na akabaki mtu?"

Gyamfua alifikiri sana. Mke wangu hasemi uongo, ndiyo maana ananichosha. "Nikiona kwa macho yangu," akasema, "nitaenda nikatwe."

"Nenda sasa, mama. Mimi nitakuja na maiti yangu baadaye."

"Nikiona."

Basi Dufie akanigeukia. "Mjomba, pamba isiingie upande huu. Wanajaza, nawajua. Apa."

Niliapa kwa dada yangu Sewaa, na kwa jina langu, na kwa yule chui niliyemnyonga. Dufie akasema, "Chui mwache. Sewaa anatosha."

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Nana Ntiamoa, mkuu wa ukoo wetu. Nilimngurumia. Nilimwambia kuta zisikie: pamba isiingie! Alikuwa anakula. Akasema, "Asiama, mtu hajafa, unagawa matandiko?" Kisha akasema, "Tutaona." Kwa Nana hilo ni karibu na ndiyo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kakao imeanikwa. Gyamfua anageuza fufu kwa mkono wa kushoto. Natwanga polepole.

Jumatano, 22 Oktoba

Dufie amekufa saa tatu asubuhi, jua linawaka vizuri juu ya majamvi ya kakao. Wanawake wa Jumatano walikuwa njiani kuja. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la jana: "Mjomba, leo hujadanganya hata mara moja. Unaumwa?"

Sikulia. Majani ya migomba yalinitoa machozi, utomvu wake ni mkali.

Jumamosi, 1 Novemba

Ukoo umekutana. Mwili upo kwenye friji ya hospitali. Nilisimama nikasema azikwe wiki hii. Sikusema sababu, kwa kuwa siri ya kifua cha mke si ya kutandaza mbele ya ukoo. Nilisema tu, alitaka haraka.

Nana Ntiamoa akasema, "Haraka anazikwa mtu asiye na kwao. Dufie amelifikisha jina letu mpaka redioni. Tutamlaza mavuno yakiisha, watu wakiwa na chochote mkononi, barabara zimekauka. Januari."

"Nana, Januari ni mbali."

"Anaenda wapi? Yuko kwenye friji."

Wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, ilichekesha.

Nyumbani nikamwambia Gyamfua, "Januari. Twende Kumasi kabla."

"Tumesema nikiona," akajibu. Alikuwa anachambua mchele, upande mmoja wa sinia tu, ule ambao mkono unafika.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumepasua. Tumevundika.

Jumamosi, 22 Novemba

Mabango ya msiba yamekuja, yamebandikwa kila ukuta kuanzia soko hadi kituo cha magari. Picha ni ya zamani, Dufie yu msichana, hajakatwa, shanga shingoni, kifua chote mahali pake. Chini imeandikwa: "Ameitwa na Mola baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Nilikwenda kwa Nana na bango mkononi. "Muda mfupi! Miaka kumi na minne, Nana! Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ana ndevu!"

"Asiama, ndevu kwa miaka kumi na minne?"

"Ameanza kuota!"

"Mabango yote yanaandikwa hivyo," akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Aliyegongwa, aliyezama, aliyelala kitandani miaka. Unataka tuandike kansa, mabinti wa ukoo wakose waume? Watu waseme damu yetu ina funza?"

Tiwaa alisikia, akapita na wanawake wake na mkaa, wakafuta neno "mfupi" kwenye mabango ya sokoni. Kabla ya jioni yalikuwa yamebandikwa mapya.

Gyamfua alisimama mbele ya bango la kituoni. Akaniuliza tu, "Kitandani atakuwa vilevile alivyokuwa, sivyo?"

"Nimeapa," nikasema.

Alhamisi, 4 Desemba

Upepo mkavu umeanza. Midomo imepasuka. Kakao inakauka vizuri kuliko mwaka wowote tangu dunia iumbwe.

Jumanne, 9 Desemba

Kokwa si kokwa tena. Limekuwa kama embe changa, na juu yake pamefunguka mahali padogo panapotoa maji. Gyamfua anaweka kitambaa na kukiosha mwenyewe kabla watu hawajaamka. Nabii mmoja wa ng'ambo ya mto amempa mafuta. Nilimwambia nabii huyo nitamtupa mtoni. Akasema mto umekauka.

Nilimwamsha Gyamfua asubuhi, nimevaa viatu. "Gari la Kumasi linaondoka. Panda."

"Wewe mzee, unanibeba mgongoni?"

"Nitakubeba."

"Na mamba?"

Hakuinuka. Alikuwa na uso wa mtu anayengojea zamu yake, mkaidi, mtulivu. Nimekaa naye miaka mingi nikidhani yeye ni kimya kwa kuwa mimi nasema. Sasa naona alikuwa na mambo yake, akiyaweka mahali.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Vumbi. Alikula kijiko kimoja.

Jumapili, 11 Januari

Nilikwenda kwa Eno Pokuaa. Huyu bibi ndiye anayeosha na kuvisha maiti wote wa ukoo wetu. Aliniosha mimi nilipozaliwa na bado hunitazama kama vile kazi ile haijaisha. Nilimpelekea chupa ya kinywaji kama desturi inavyotaka, nikapiga magoti, mimi Asiama.

"Eno, Dufie alikatwa. Alitaka alazwe hivyohivyo. Usitie pamba."

Bibi akaniangalia. "Sewaa alikufa mikononi mwangu," akasema. "Unajua alichoniambia? Nimtunzie mtoto. Mtoto akaenda Kumasi wakamkata bila kuniuliza. Nikalia. Sasa anaenda kwa mama yake, na wewe unataka nimpeleke nusu? Sewaa akiniuliza, Pokuaa, kingine kiko wapi, nimjibu nini? Kwamba Asiama alikuja na chupa?"

"Ni Dufie mwenyewe aliyesema."

"Maiti hasemi. Na akiwa hai alisema mengi, hata mimi nilimpigia makofi. Lakini kuosha ni kwangu."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa maana mtu mbaya ningemshinda.

Nilitaka kumwambia habari za Gyamfua. Neno lilifika kooni. Lakini Eno ni kinywa cha mji, na Gyamfua alinikataza kwa jina la watoto wetu. Nikaondoka. Chupa akaipokea.

Jumatano, 21 Januari

Mwili umeletwa. Maturubai yamefungwa, spika zimeinuliwa. Watu kutoka kila upande, wengine sijawahi kuwaona. Mavuno yameisha, kakao yote imekwenda.

Jumamosi, 24 Januari

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, bila mamba.

Kulipopambazuka nilikwenda kwenye mlango wa chumba alichooshewa. Vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walisimama. Mwanamume haingii. Nikagonga nikaita, "Eno! Kumbuka!" Sauti yake ikatoka ndani, "Asiama, nenda kapange viti." Wanawake wakacheka humo ndani, na maji yakaendelea kumwagwa.

Jua lilipotoka mlango ukafunguliwa. Gyamfua aliniomba nimshike mkono upande wa kushoto, tukaingia kwenye foleni pamoja. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya ndani, nguo nyeusi juu, hakuna aliyejua. Alinukia mafuta ya nabii. Mbele yetu watu wa mbali, nyuma yetu watu wa mbali. Tiwaa na wanawake wa Jumatano walikuwa wametangulia, na nilisikia kelele mbele kabla hatujafika, kisha nikamwona Tiwaa anatolewa nje na vijana, anapiga kelele, "Huyo si yeye! Mmemweka nani hapo? Huyo si yeye!" Watu wakasema, maskini, uchungu umempanda kichwani.

Tukafika.

Dufie alikuwa amelala kitanda cha shaba, lesi nyeupe, dhahabu ya ukoo shingoni na mikononi, macho yamefungwa vizuri. Na alikuwa na matiti mawili. Yamelingana, yamesimama. Eno Pokuaa aliketi kando na upepeo, anafukuza nzi, amechoka, ana fahari.

"Amependeza!" watu wakasema. "Amelala mzima!"

Nikasikia mkono wa Gyamfua umelegea ndani ya wangu. Ndipo nikasema, kwa sauti yangu ile yote, "Toeni pamba! Huyu mtoto alikatwa titi la kushoto. Aliishi na ubavu mtupu miaka kumi na minne. Aliniapisha. Itoeni!"

Foleni ikasimama. Kisha mtu mmoja nyuma, mtu wa mji wetu, akasema, "Loo! Mzee Asiama ameshaanza."

Wakacheka, na kicheko kikapita hadi nje uani. Mwanamke mmoja mgeni akauliza, "Anasema nini?" akajibiwa, "Ndiye yule mjomba wa chui. Anasema marehemu alikuwa na titi moja." Mgeni akamtazama maiti, akanitazama, akasema, "Mbona tunayaona mawili, baba?" Wakacheka zaidi, kwa huruma, kama mnavyomchekea mtoto msibani.

"Ni kweli!" nikasema. "Wallahi, safari hii ni kweli! Mnajua! Ninyi wa hapa mnajua!"

Wa mji wetu walijua. Wakatazama chini. Nana Ntiamoa akatoa ishara ndogo kwa kidole, na wapwa zangu wawili wakanishika mabega. "Twende, Mjomba, tukapate maji. Umefunga tangu jana." Nilinyoosha mkono kuelekea kitandani, nikagusa lesi tu. Eno akaniambia polepole, "Mwache alale, Asiama. Amefika mzima."

Nilipogeuka, Gyamfua alikuwa bado amesimama pale. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama kifua cha Dufie kama mtu anayetazama mshono wa fundi, anatafuta uzi ulipopita.

Jumatatu, 26 Januari

Nilimwambia, "Gari la Kumasi."

"Tulisema nikiona."

"Umeona ujinga wa watu. Hukumwona Dufie."

"Nimeona kilichokuwa cha kuona. Dufie mwenye jina, aliyewafungulia milango, wamemwonea haya mbele ya wageni. Mimi wangenifanyaje? Nikatwe, nirudi hapa, niishi kwa miaka nikihamiwa benchi? Yeye aliweza. Mimi si yeye."

"Utakufa, Gyamfua."

"Ndiyo," akasema. "Usipige kelele, watoto wako uani."

Jumapili, 8 Februari

Nilimpeleka Kumasi kwa hila, nikamdanganya kwamba tunakwenda harusini. Daktari, kijana mpole, akaangalia, akaniita pembeni. Akasema tungekuja Oktoba. Nikamwuliza, "Na Januari?" Akasema Januari pia ingekuwa ngumu. Akasema dawa za maumivu zipo.

Njiani kurudi Gyamfua hakukasirika. Alinunua karanga, akanigawia.

Ijumaa, 20 Februari

Hakuna cha kuandika. Jani halitikisiki.

Jumapili, 1 Machi

Eno Pokuaa amekuja leo, si kwa kuitwa nami. Gyamfua alimtumia mtu. Waliingia chumba cha nyuma, wakafunga mlango, nami nikakaa barazani.

Nilisikia kitambaa kinafunguliwa. Nilisikia Eno akisema, "Mama yangu!" Halafu akalia. Halafu Gyamfua akambembeleza, mgonjwa akimbembeleza mzima. Baadaye walianza kuongea mambo ya nguo: lesi ipi, ya bluu au ile ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, na kama shingo ifunikwe.

Eno alipotoka hakunitazama. Alisimama ngazini akasema, "Ungeniambia, Asiama. Ile siku ya chupa. Ungeniambia kwamba ni kwa ajili ya mkeo."

Akaenda zake.

Niliingia. Gyamfua ameketi kitandani, uso umepoa, uso ambao sijauona tangu mvua za mwaka jana.

"Sasa siogopi," akaniambia. "Nilikuwa naogopa huu upande, unavyooza, watu watakuja kuona nini. Eno amesema hata ukiisha wote atanijaza. Ana mkono mzuri, mzee. Kwa Dufie, usingeambiwa, usingejua."

Akaniomba nimfungie kitambaa. Nikamfungia.

"Kaa," akasema. "Nisimulie kitu."

Nikakaa. Nilitafuta kitu cha kumsimulia mpaka akalala.